Nilishaacha dini na navutiwa na wanaume, sasa nataka kusali tena: sala yangu inapokelewa?

SWALI: Asalaam aleikum shekhe. Mimi ni kijana wa miaka 24, kwetu ni Mombasa ila kazi nafanya Nairobi. Nimelelewa madrasa. Nikiwa sekondari nikajijua kuwa mi ni gei, sijawahi kuvutiwa na msichana hata siku moja. Nikawa nauliza maswali mengi, ustadhi akanichapa, baadae nikaona haya mambo yote yametungwa na watu tu, nikaacha kusali na Ramadhani nikawa nafunga kuwaridhisha wa nyumbani. Sasa mwaka huu nilikuwa peke yangu kwa nyumba, adhana ya alfajiri ikaadhiniwa nikalia sijui kwa nini, nikaenda kutawadha, na tangu siku hiyo nasali kwa kujificha. Marafiki zangu wananiambia narudi kwa dini iliyonikataa, na ndugu zangu wakijua habari yangu watanikana. Mimi ni nani hasa? Sala yangu inapokelewa? Nioe labda itaisha? Na zile sala za miaka yote nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakaatuh mwanangu.

Naanza na lile la sala manake najua ndo linalokuuma. Ndio, sali. Sala ni faradhi juu yako kama ilivyo faradhi juu yangu, na hakuna mwanachuoni ninayemjua aliyesema Mwislamu mwenye hisia kama zako sala imemwondokea. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa Allah ameusamehe umma wake yale nafsi zinayoyazungumza ndani maadamu mtu hajayatenda wala kuyatamka. Kwa hiyo kule kuvutiwa kwenyewe, kitu ambacho hukukichagua na kimekukuta tu, hakuandikiwi dhambi. Tendo lenyewe baina ya wanaume wawili ni haramu kwa madhehebu yote manne na hilo sitakuficha, ukinisikia nalizungukazunguka ujue nakudanganya, na wewe umeshadanganywa vya kutosha. Lakini hata aliyeteleza akatenda, mlango wake wa sala haukufungwa. Kuna sahaba aliyeitwa Abdullah, watu wakimwita kwa jina la utani Himar, alikuwa akimchekesha sana Mtume, na pombe ilikuwa imemshinda, akiletwa na kupigwa kisha anarudi kulekule. Siku moja kaletwa tena, mtu mmoja akasema Allah amlaani huyu, mara ngapi analetwa! Mtume akawaambia msimlaani, wallahi ninavyomjua mimi anampenda Allah na Mtume wake. Hebu irudie hiyo hadithi mwanangu. Mtu yuko katikati ya adhabu kwa kosa lake, na papo hapo Mtume anamshuhudilia mapenzi ya Allah.

Hilo la shaka sasa. Ustadhi aliyekuchapa kwa kuuliza alikosea, nasema wazi. Masahaba walimwendea Mtume wakamwambia tunakuta ndani ya nafsi zetu mambo makubwa hata kuyatamka hatuthubutu, akawauliza kweli mmeyakuta? wakasema ndio, akasema hiyo ndo imani yenyewe. Na Nabii Ibrahim alimuomba Mola wake amuonyeshe anavyohuisha wafu, si kwa kutoamini, alitaka moyo wake utulie. Halafu mchukue Imam Ghazali ambaye vitabu vyake tunavisoma huku pwani toka utotoni mwetu. Yeye mwenyewe ameandika kuwa alishikwa na shaka karibu miezi miwili, haamini hata macho yake, anasema unakitazama kivuli unakiona kimetulia, baada ya saa moja unagundua kilikuwa kinatembea, basi nimuamini vipi jicho kwa mengine? Na anasema hakupona kwa kupanga hoja, alipona kwa nuru aliyoitia Allah kifuani mwake. Kwa hiyo wewe ukiniambia adhana imekuliza na huna dalili yoyote mkononi, mi sishangai na wala sikuombi dalili. Ukiendelea kuwa na maswali endelea kuuliza, tena uliza ukiwa umesharudi kwenye mswala, maana kama utangoja maswali yote yaishe ndo usali utazeeka hujasali.

Unauliza wewe ni nani. Ghazali huyohuyo mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiyya huko Baghdad, wanafunzi mamia, jina lake linajulikana kila mji, na akajiangalia akaona anafundisha dini kwa ajili ya sifa. Ulimi ukafunga, akikaa kufundisha neno halitoki, chakula hakiteremki, matabibu wakashindwa. Akaacha cheo akaenda Dameski, akawa anapanda mnara wa msikiti na kujifungia humo mchana kutwa. Alichokuwa anatafuta ni kusimama mbele ya Mola wake bila lile jina watu walilompa. Na wewe una watu pande zote wanaotaka kukuita jina moja tu, ndugu wana lao na marafiki wana lao, wote wameshikilia sehemu moja ya maisha yako wakasema huyo ndo wewe mzima. Mbele ya Allah wewe kwanza ni mja wake. Anasema katika Suratul Zumar, enyi waja wangu mliojidhulumu nafsi zenu, msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Kawaita waja wangu na dhambi zao bado ziko juu yao.

La kuoa, tafadhali usioe ili "iishe". Huyo binti naye ni mtu, ana haki ya mume anayemtaka, na nikaha haijawekwa iwe majaribio juu ya mwili wa mtoto wa watu asiyejua kitu. Kifiqhi sisi wa Shafii tuna wepesi mkubwa hapa, Imam Nawawi kwenye kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, anasema asiye na haja ya ndoa, akiwa hana uwezo ni makruhu kwake kuoa, na akiwa nao basi kujishughulisha na ibada ni bora zaidi. Yeye Nawawi mwenyewe amekufa mwaka 1277 hajaoa, na hakuna anayemdharau. Akina mama wakikubana na habari za harusi waambie hujawa tayari, inatosha. Na yeyote atakayekuambia ukae kwake akupige viboko akutoe jini la ushoga, mkimbie.

Na usiwaeleze watu habari yako ovyo, maana ulimwengu wetu si salama. Februari 2010 hapo Mtwapa ulienea uvumi tu wa harusi ya wanaume wawili, watu wakavamia kituo cha afya na vijana wakapigwa, ilhali Qur'ani inatuambia mkiletewa habari na fasiki ichunguzeni msije mkawadhuru watu kwa ujinga. Februari 2025 huko Afrika Kusini akapigwa risasi imamu Muhsin Hendricks aliyejitangaza kuwa gei na kuhalalisha jambo hili. Mi sikubaliani na fatwa zake hata kidogo, na damu yake ilikuwa haramu kumwagwa. Baraza la maulamaa la Cape Town lililompinga miaka mingi nalo lililaani mauaji yale, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Kujisitiri kwako si unafiki, sheria yenyewe inakutaka ujisitiri.

Mwisho hizo sala. Kama kweli ulifika kuikana dini moyoni, sema shahada upya, oga, hakuna sherehe wala shahidi anayehitajika. Kwa Shafii sala zilizopita unazilipa, na wako maulamaa kama Ibn Taymiyya wanaoona aliyeacha kwa makusudi halipi, anatubu na kuzidisha sunna. Mi nakushauri ulipe lakini polepole, kila fardhi unayosali ongeza moja ya zamani ya aina hiyohiyo, hesabu ikikupotea kadiria, ukiumwa au ukichoka acha siku hiyo usijikaze mpaka ukaichukia. Na zile funga ulizofunga kuridhisha watu bila imani, zihesabu nazo kwenye deni, Jumatatu na Alhamisi zinafaa. Ukikwama niandikie tena, jina lako halitatoka kwangu. Wallahu aalam.