Anafukuza mwanga ukutani: mwache acheze

Dada, umeuliza kama ni kawaida mtoto wa mwaka na nusu kushinda akifukuza mwanga ukutani na kubusu kioo. Kawaida kabisa. Kati ya miezi 18 na 24 wengi huanza kujitambua kwenye kioo: mpake kidoa cha unga puani kimyakimya, uone atagusa pua yake au kioo. Wangu alikilamba kioo!

Jua la asubuhi likiingia dirishani, laza kioo kidogo mshazari ndani ya beseni la maji, ukigeuzegeuze mpaka rangi za upinde wa mvua zitokee ukutani. Kioo shika wewe, na usimwache peke yake na maji hata dakika moja. CD kuukuu nayo hutoa rangi hizo. Tochi ya leza usimpe, inaharibu macho.