Ukienda Paris, Jiwekee Mlo Mmoja wa Fahari

Ninapofunga safari ya nje, hutenga mapema fedha za mlo mmoja wa gharama kubwa, na nawashauri wenzangu wa Unguja na Pemba wafanye hivyo hivyo, kwa sharti kwamba fedha hizo zitoke katika akiba na si katika deni. Wapo wanaouliza iweje mtu alipe kwa mlo mmoja fedha ambazo kwenye vyakula vya jioni vya Forodhani, Unguja, zingeshibisha ukoo mzima. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba hapo hulipii shibe, bali unalipia ustadi wa watu waliotumia umri wao jikoni, na ustadi huo ni sehemu ya nchi uliyokwenda kuiona.

Kwa Paris, nenda mchana. Mikahawa mingi yenye nyota za Michelin, mwongozo wa Kifaransa unaopima ubora wa mikahawa, huwa na menyu ya mchana ya bei maalumu, iliyo nafuu mno kuliko ya usiku, ilhali jiko ni lile lile. Mwongozo huo ulianzishwa mwaka 1900 na kampuni ya matairi, ukaanza kutoa nyota mwaka 1926. Nyota tatu humaanisha mkahawa unaostahili safari ya makusudi. Kwa mgeni anayetaka kuonja tu, naona nyota moja inatosha kabisa.

Jambo linalotaka uangalifu zaidi kwetu Waislamu ni vyakula vyenyewe. Nyama katika mikahawa hiyo kwa kawaida si halali, na hata samaki huweza kupikwa kwa mvinyo, au kitindamlo kikatiwa pombe au gelatini ya nguruwe. Usingoje kuyaeleza haya mezani. Yaandike siku unapoweka nafasi: hunywi pombe, hutaki pombe wala nguruwe katika upishi, na utakula samaki na mboga. Mimi hupenda kuandika hivyo wiki kadhaa kabla, na sijapata kudharauliwa kwa hilo. Safari moja waliniletea kipande cha samaki wa bahari ya baridi, kidogo kama kiganja cha mtoto, mhudumu akasimama kando yangu akimimina kutoka kwenye kijagi mchuzi wa siagi ambao kwa desturi hupikwa kwa mvinyo mweupe. Kabla sijauliza, alinieleza kwamba wangu umepikwa kwa ndimu.

Kambakochi na pweza waache. Hao unawapata kwetu wakiwa wametoka baharini asubuhi hiyo hiyo. Agiza usichoweza kukipata nyumbani.

Unapoweka nafasi, huenda ukatakiwa namba ya kadi ya benki, na usipotokea bila ya taarifa ukakatwa fedha, kwa hiyo soma masharti ya kughairi. Mezani, fahamu kwamba nchini Ufaransa bei za menyu tayari zina malipo ya huduma ndani yake, na bakhshishi ni hiari yako. Mkate na maji ya bomba hutolewa bure pamoja na chakula, ila mhudumu akikuuliza unapendelea maji gani, mara nyingi anakusudia ya chupa, ambayo hulipiwa. Kahawa nayo mara nyingi haimo katika bei ya menyu. Tena usipange treni ya alasiri siku hiyo, kwani mlo wenyewe huweza kuchukua saa mbili au tatu.