Kufunga baipodi kwenye bunduki ya kuwindia: kwa mafundi na waongozaji wanaoanza

Wengi wenu mnaoingia kazi hii mmetoka jeshini, na baipodi (miguu miwili ya kuegemeza bunduki) mnayoijua ni ile ya bunduki ya rashasha ya PKM. Pale miguu imeshikwa kwenye chuma, kwenye bomba la gesi lililo chini ya mtutu, na kiwanda kimekwisha kukufanyia hesabu yote. Bunduki ya kuwindia ya bolti, yaani yenye komeo la kuvutwa kwa mkono kila risasi, ni kitu kingine. Miguu yake haishiki chuma. Inashika mti wa bunduki, yaani ile sehemu ya mbao au plastiki inayobeba mtutu, na mti unapinda. Ukilielewa hilo, mengi ya hapa chini utayagundua mwenyewe.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, toa magazini, chomoa bolti, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole. Bolti iwekwe mbali na meza ya kazi. Fanya hivyo hata kama aliyekuletea bunduki ni mkubwa wako na ameapa kuwa ni tupu.

Sasa adapta, kile kipande kinachounganisha baipodi na bunduki. Mteja huja na aliyoinunua kwa kutazama picha, au aliyoletewa na mgeni wa uwindaji, naye anataka ifungwe leo. Usianze na adapta. Geuza bunduki juu chini utazame mkono wa mbele wa mti: pana nini pale? Nyingi zina kishikizo kimoja kidogo cha mkanda, chenye tundu. Baadhi zina viwili, cha mkanda na cha miguu. Nyingine zina reli ya Picatinny (bamba lenye mitaro ya kushikia vifaa), na zile za kisasa zina matundu marefu ya M-LOK, mfumo uliotolewa na Magpul mwaka 2014. Kilichopo ndicho kinachochagua adapta, si bei wala jina la kiwanda.

Kishikizo kimoja ndicho mtakachokutana nacho mara nyingi, basi nitakaa hapo. Baipodi za aina ya Harris huuma tundu la kishikizo kwa taya mbili, halafu nati ya kukaza kwa mkono huvuta kila kitu pamoja hadi bamba likandamize mti. Maana yake kishikizo kinavutwa kwa nguvu kutoka kwenye mti, wakati wote. Kama kimeingizwa kwa skrubu ya mbao tu, siku moja kitang'oka na nyuzi za mbao. Ondoa mtutu kwenye mti utazame ndani ya mfereji wa mti, pale mtutu unapolala. Unachotaka kukuta ni skrubu ya chuma iliyopita hadi ndani na kukazwa kwa nati iliyozama kwenye mbao. Hakikisha pia ncha ya skrubu haijatokeza hadi kugusa mtutu. Ikitokeza, ikate na uipige tupa.

Hapo kuna mtego wa dukani kwetu. Skrubu za vishikizo vya Kimarekani mara nyingi ni za kipimo cha inchi kiitwacho 10-32, na nati unazozipata kwenye maduka ya vifaa ya Kampala au Mbarara ni za milimita. Nati ya M5 itaingia kwenye skrubu hiyo, kwa sababu unene unakaribiana (milimita 4.83 kwa 5) na hatua ya uzi (umbali kati ya uzi na uzi) ni karibu sawa. Itaingia, itakaza kidogo, utaridhika. Lakini imeshika ncha za uzi tu, na chini ya mvutano wa baipodi itateleza. Ukiona nati inaingia kwa kulegea kuliko kawaida, itoe.

Kama mteja anataka reli fupi ifungwe juu ya kishikizo kimoja, mweleze wazi kwamba reli ya namna hiyo huzunguka. Ina kitu kimoja tu kinachoishika, na bunduki ikiegemea upande mmoja inageuka nayo. Mimi napendelea reli yenye skrubu mbili zinazopita kwenye mti na kukazwa kwa nati ndani ya mfereji. Ni kazi ya kutoboa, na bunduki ya watu haitobolewi bila idhini ya mwenyewe, aliye na kibali chake. Weka selotepu juu ya mti kabla ya drili ili rangi isichanike, anza na biti nyembamba, na pima mara nyingi uone matundu yako katikati. Reli ikikaa upande kidogo, darubini itainama kila mara miguu ikisimama sawa.

Angalia pia aina ya reli. Mitaro ya Picatinny ina upana wa milimita 5.23 na hujipanga kwa umbali wa milimita 10.01. Mitaro ya Weaver, aina nyingine ya reli, ni myembamba, milimita 4.57. Kifaa cha Weaver huingia kwenye Picatinny, lakini cha Picatinny mara nyingi kitakataa kwenye Weaver. Msikilazimishe kwa nyundo.

Miti ya plastiki ya bei nafuu ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Mkono wake wa mbele ni laini. Bunduki ikiwa mezani utaona nafasi nzuri kati ya mtutu na mti, karatasi inapita bila kukwama. Mpe mtu alale nyuma yake na kusukuma miguu mbele kama wapigaji wanavyofanya, kisha pitisha karatasi ileile. Ikikwama, mti umepinda na kugusa mtutu, na risasi hazitakwenda zinakotakiwa. Kwa hiyo jaribio la karatasi lifanywe bunduki ikiwa imebeba uzito. Mti ukigusa, nafasi inaweza kuongezwa kwa msasa, au mkono wa mbele ukaimarishwa kwa epoksi, au mteja akaambiwa kwa heshima kwamba bunduki hii haitaki miguu.

Ipo nyingine isiyotaka kabisa: .375 H&H na wenzake, bunduki nzito za kuwindia nyati. Kwenye nyingi kishikizo cha mkanda kipo kwenye mtutu wenyewe, mbele ya mti, ili mkono usichubuliwe bunduki inaporuka. Ukining'iniza baipodi hapo umeubebesha mtutu. Na nyati hapigwi ukiwa umelala.

Niseme na hili kwa waongozaji wa maeneo ya Ziwa Mburo, ambako uwindaji wa michezo ulianza kwa majaribio mwaka 2001. Baada ya mvua za Machi hadi Mei nyasi huwa ndefu kuliko miguu yoyote ya inchi 6 hadi 9. Mgeni akilala ataona majani, hataona swala wala nyamera. Fimbo za kupigia ukiwa umesimama zitamfaa zaidi huko. Baipodi inafaa kwenye uwanja wa shabaha, kupiga ziro (kuilinganisha darubini na risasi zinapopiga), na juu ya miamba au vilima vilivyo wazi. Mwambieni kabla hajalipa.

Ukimaliza kufunga, piga risasi tatu au nne kwa mita 100 bunduki ikiwa juu ya mfuko wa mchanga, kisha idadi ileile juu ya miguu, na linganisha katikati ya makundi. Dakika moja ya pembe (sehemu moja ya sitini ya digrii, kipimo cha wapigaji shabaha) ni sentimita 2.9 hivi kwa umbali huo. Makundi yakitengana kwa zaidi ya hapo, rudi kwenye karatasi na nati kabla hujaigusa darubini. Usipigie miguu ikiwa kwenye saruji tupu, itaruka; tandika mkeka au zulia.

Mti wa mbao hunywa unyevu msimu wa mvua na kusinyaa wakati wa jua, hivyo skrubu iliyokazwa Aprili itakuwa imelegea Julai. Mwandikie mteja tarehe ya kuirudisha, na umwambie avue miguu kabla ya kuipakia bunduki kwenye gari, maana barabara ya murramu itatikisa kila kiungo ulichokikaza.