Ningemuuliza Collins kuhusu Redfern

Swali lenu la wiki: ni mwanamichezo gani wa zamani ungependa kukaa naye saa moja, na ungemuuliza nini?

Mimi ni Arthur Collins, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1885. Wazazi wake walifariki mapema, akasomeshwa shule ya Clifton, mjini Bristol. Huko, Juni 1899, akiwa na miaka 13, aliingia kupiga katika mechi ya kriketi kati ya mabweni. Mchezo ulichezwa alasiri baada ya alasiri, na siku ya nne alikuwa na mikimbio 628 (pointi ambazo wapigaji wawili hupata wakikimbia kubadilishana pande), hajatolewa! Hakuna mpigaji aliyeandikiwa mingi kuliko hiyo hadi Januari 2016, Pranav Dhanawade alipofikisha 1,009 huko India.

Collins hakuufanya mchezo kuwa kazi. Aliingia jeshini, Kikosi cha Wahandisi, akapanda hadi kapteni. Alioa mwaka 1914, na tarehe 11 Novemba mwaka huohuo akauawa huko Ypres, Ubelgiji, katika Vita Kuu ya Kwanza, akiwa na miaka 29. Kaburi lake halijulikani. Jina limechongwa kwenye lango la Menin, mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi mjini Ypres, pamoja na mengine zaidi ya 54,000, na kila nikikumbuka hilo moyo huniuma.

Wanaomtaja huishia kwenye 628. Mimi humfikiria kijana aliyeitwa Redfern. Katika kriketi hupigi peke yako, mnakuwa wawili wawili: wenzako wote wakitolewa, nawe umemaliza, hata kama hakuna aliyekugusa. Redfern aliingia wa mwisho, tisa kati ya kumi na mmoja wakiwa wameshatoka. Wawili hao wakaongeza mikimbio 183, na Redfern mwenyewe akaandikiwa 13 tu. Ila uwanja ule ulikuwa na mteremko upande mmoja, na mpira ukishuka huko, mikimbio yote ilitafutwa kwa miguu. Collins akikimbia, Redfern naye anakimbia, tena kwa faida ya jina la mwenzake. Angechoka, angepiga ovyo au angechelewa hatua moja tu, hesabu ya Collins ingekomea hapohapo. Nami naamini Collins alilijua hilo kuliko sisi tunaosoma tarakimu.

Kwa hiyo saa yangu nisingeimaliza kwa kuuliza alivyopiga. Ningemuuliza: Redfern alipofika kati ya uwanja siku ile, ulimwambia nini?