Jibu: Miaka yote Boxer, sasa nataka TVS

Salama mkuu. Umesema pikipiki ya Boxer umeipanda miaka mingi, sasa unaitamani TVS HLX ila unaogopa kujuta. Mimi nilihama hivyo hivyo. Bei iache kwanza. Nenda duka la spea la karibu na kijiwe chako, ulizia kebo ya klachi, brekishuu na seti ya cheni na sproketi zake. Ukiambiwa "mpaka tuagize", ahirisha. Halafu fundi wako: ameshawahi kuifungua injini ya TVS, au atajifunzia kwako? Gia zijaribu barabarani, siyo dukani. Mguu ni mbishi, utakanyaga kwa mazoea ya Boxer na abiria atakung'ang'ania mabega. Boxer usiiuze hadi mpya imalize sevisi ya kwanza, kama mfuko unaruhusu.