Vipande vinavyogeuka takataka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Ngamiani, Tanga, naandika draiva ya Linux ya kipima joto. Mtumiaji huandika "joto,30,washa". Nakata kwa strsep (kazi ya kukata maandishi kwenye alama kama koma) na kuhifadhi vielekezi (anwani za vipande kwenye kumbukumbu). Baadaye nikivisoma nakuta takataka. Kwa nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. strsep haikupi nakala. Huweka baiti ya sifuri ('\0', alama ya mwisho wa maandishi) penye mkato, kisha hukuelekeza ndani ya bafa ileile (eneo la kumbukumbu lenye maandishi hayo). Ukishaiachia kwa kfree (kazi ya kurudisha kumbukumbu), hapo si mahali pako tena. Nakili kila kipande papo hapo kwa kstrdup(kipande, GFP_KERNEL), inayoomba kumbukumbu mpya na kunakili humo; GFP_KERNEL ni aina ya kawaida ya ombi hilo. Ikirudisha NULL (kielekezi kitupu, yaani kumbukumbu haikupatikana), achia ulivyokwisha kunakili, rudisha -ENOMEM (kosa la kukosa kumbukumbu).

Ukiomba kumbukumbu mwenyewe kwa kmalloc, omba strlen (idadi ya herufi) na moja zaidi kwa ile sifuri ya mwisho: "washa" ni herufi 5, inataka baiti 6. Kosa la kusahau hiyo moja lilininyima usingizi wiki nzima nilipokuwa Chumbageni. Kwenye x86 (aina ya prosesa za Intel na AMD), ukiomba baiti 5 hupewa nafasi ya 8, kwa hiyo kosa langu lilijificha mpaka lilipokuja neno la herufi 8, likaharibu data ya jirani kimyakimya.

Na tafadhali, hifadhi kielekezi cha mwanzo wa bafa kabla ya kukata. strsep hukisogeza kile unachoipa hadi NULL. Kfree ya NULL haifanyi kitu, na kumbukumbu inavuja, yaani inabaki imeshikwa bila kurudishwa.