Sema ulipocheka

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Kwa ulivyonieleza, mwenzako darasani amekunja bomba la plastiki likawa duara, akalifunga kiunoni kwa mikanda, kisha akaenda nalo kwenye foleni, kwenye benchi la kusubiria na mwisho ndani ya lifti, uso mkavu kabisa, huku rafiki yake akipiga video. Darasa zima mlivunjika mbavu. Sasa mhadhiri anataka kila mmoja aizungumzie kazi hiyo, nawe unaniuliza: ukisema tu kwamba imekuchekesha, si utaonekana huna la maana?

Sema imekuchekesha. Ila taja ulicheka wapi hasa, na kicheko kilikukwama wapi. Mimi kilichonishika ni yule mzee uliyenisimulia, wa kwenye lifti: duara linamsukuma, anakumbatia begi kifuani, anajibana ukutani, halafu anaomba radhi. Anayebanwa ndiye anayeomba radhi! Kwangu mimi video yote iko hapo. Mwenye duara anadai nafasi yake, na papo hapo anakula ya wenzake. Huenda hakukusudia hivyo, lakini ndivyo inavyoonekana, na una haki ya kumwambia ulichokiona.

Hatakosekana atakayemtaja Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1966 alizigawa kwa vipimo nafasi ambazo watu huachiana: hadi sentimita 45 ni ya watu wa karibu sana, hadi kama mita 1.2 ni ya marafiki, hadi mita 3.6 ni ya shughuli na watu tusiowazoea. Vipimo hivyo Hall alivitoa kwa Wamarekani aliowachunguza, na mwenyewe alisema kwamba kwingine watu husogeleana au kuachana tofauti. Usivitumie kukwepa kutazama. Bomba ni gumu, halipungui wala haliongezeki, wakati nafasi ya mtu hupanuka na kusinyaa kulingana na aliyesimama mbele yake. Ndiyo maana duara lile linachekesha.

Ukitaka cha kulinganisha nacho, afadhali Marina Abramović na Ulay, wasanii waliotumia miili yao wenyewe kama kazi ya sanaa. Mwaka 1977, huko Bologna, Italia, walisimama uchi wakitazamana kwenye mlango wa jumba la sanaa, na kila aliyetaka kupita alilazimika kujipenyeza ubavu katikati yao, achague amgeukie yupi. Polisi wakaja kuisimamisha kazi hiyo. Wageni wale walibanwa kwelikweli, lakini waliuona mlango, na asiyetaka aliweza kugeuza. Mzee wa lifti angegeuza aende wapi? Ningekuwa wewe, hili ndilo ningelipeleka darasani. Je, alijua anapigwa video? Alikubali uso wake uonyeshwe? Mzaha mzaha hutunga usaha. Lakini usimvizie mwenzako mbele ya watu. Muulize kwanza mkiwa wawili. Pengine alimwomba ruhusa baadaye, au mzee mwenyewe ni mjomba wake na yumo mchezoni, na hapo hoja yako itabidi ibadilike.

Angalia pia kamera iliwekwa wapi. Kama ilikaa kwa mbali muda wote, basi ninyi mlicheka mkiwa salama, duara halikuwagusa hata kidogo. Ingeingia ndani ya duara dakika moja tu, ikamtazama huyo mzee kwa umbali wa pua, sidhani kama kicheko kingekuwa kilekile. Huo ni ushauri anaoweza kuufanyia kazi, nao una faida kwake kuliko sifa.

Foleni na benchi zipitie kwa sentensi moja, usipoteze muda.

Akiridhia, nitumie na mimi niione. Nina hamu ya kujua mzee yule alishuka kwenye ghorofa yake, au alipitilizwa akingoja duara litoke kwanza.

Mama yako